Kuisikiliza Barabara kwa Mgongo

Ni mwezi wa nne na mimi bado niko Richfield. Mwaka mwingine wowote, wakati kama huu ningekuwa nimeshafunga baiskeli kwenye masanduku, nimeshabishana na watu wa mizigo uwanja wa ndege, na niko kusini-magharibi mwa Ufaransa natafuta barabara zisizo na magari. Badala yake niko jikoni kwa mdogo wangu Riziki. Ndege zinapita juu ya paa, nami nasimama, nakaa, nasimama tena, kama mtu anayengoja kuitwa ofisini.

"Yaya, kaa basi," Riziki ananiambia; yaya kwetu ni ndugu mkubwa. "Kiti kimekukosea nini?"

Linda, mwenye kampuni yetu ya safari za baiskeli, ameniomba niwaandikie ninyi mnaobaki kazini yale niliyojifunza. Nashuku Riziki ndiye aliyempigia simu. Basi nimekaa.

Shule sikuimaliza. Mama alikufa, baba akamfuata kabla majani hayajaota juu ya kaburi la mama, na mimi nilikuwa wa kwanza kati ya wanne. Nikavua sare nikampa mdogo anayenifuata. Ilimpwaya, akaivaa hivyo hivyo. Mimi nikaenda kwa fundi wa baiskeli pale Uvira, ambako baiskeli tunaiita kinga, nikajifunza kuziba tyubu na kunyoosha magurudumu. Usiku nililala nyuma ya mlango, kwa sababu mkubwa ndiye anayelala mlangoni. Ukilala mlangoni miaka mingi, masikio yako hayalali tena. Nilizijua hatua za jirani, za mbuzi na za askari. Vita vilipokuja tulivuka ziwa sote wanne, tukakaa kambini Kigoma, na mwisho tukaletwa hapa Marekani, Minnesota, katikati ya theluji. Sikumpoteza hata mmoja. Hicho ndicho cheti changu, na sijawahi kuombwa kingine.

Linda alinichukua kwa sababu mbili: nilikuwa naweza kuvua mnyororo bila kuuliza, na nilikuwa naongea Kifaransa. Karakana ilikuwa Saint Paul, ile ile mnayoijua, ila paa lilikuwa linavuja upande wa mlango. Siku ya kwanza Duane, fundi mkuu, alinipa gurudumu lililopinda na kunionyesha kwa kidevu pa kukaa. Alikuwa mtu wa kaskazini ya jimbo hili, wa kuvua samaki juu ya barafu, na maneno yalimtoka moja moja kama msumari unaong'olewa ubaoni. Nikalinyoosha gurudumu mpaka likatulia. Akalizungusha, akalitazama muda mrefu.

"Siyo mbaya," akasema.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nikamwambia Riziki kwamba kesho wananifukuza. Majira yote ya baridi yalipita kabla sijaelewa kwamba hapa "siyo mbaya" ni sifa ya juu kabisa, na kwamba mtu akikuambia kazi yako "inavutia," hapo ndipo unapaswa kuogopa.

Masika yalipofika Duane akanichukua kwenda Ufaransa. Wageni wetu mnawajua: watu wa Eden Prairie na mitaa ya namna hiyo, ambao hata maziwa ya chai wanayafuata dukani kwa gari. Wanavuka bahari kwa ajili ya kitu kimoja tu, barabara ambayo watapita wawili wawili wakiongea bila kuangalia nyuma. Siku ya kwanza kabisa mgeni mmoja aliniuliza, "Safari, jina lako la kweli ni lipi?"

"Ni hilo."

"Yaani kampuni haikukupa?"

"Mama ndiye aliyenipa. Nilizaliwa njiani."

Akacheka sana. Mpaka leo sidhani kama aliniamini.

Kule kuna vilima vinavyopanda na kushuka polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Alizeti upande huu, mahindi upande ule, bata bukini wakipiga kelele nyuma ya ua, na kila kilima kina kanisa ambalo ufunguo wake uko kwa mama fulani. Kwenye ramani zao barabara kubwa zimechorwa kwa rangi nyekundu, za kati njano, ndogo nyeupe. Sisi kazi yetu iko kwenye nyeupe. Lakini ramani haisemi kama nyeupe imeanza kupitiwa na malori, na hapo ndipo Duane alipokuwa mwalimu. Alinionyesha kuangalia majani yanayoota katikati ya lami. Alinionyesha mbwa anayelala barabarani: akikuona akainuka, barabara hiyo ina magari, akikuona akaendelea kulala, ichore kwenye ramani. Alinionyesha nguo zilizoanikwa karibu na njia. Shuka nyeupe ikibaki nyeupe hadi jioni, pale hakuna vumbi la magurudumu.

Zaidi ya yote alinifundisha kanuni ambayo nimewarudia mpaka mkachoka: msiipime barabara kuanzia saa sita mchana mpaka saa nane. Muda huo Ufaransa nzima inakula. Hata barabara nyekundu unaweza kutandika mkeka katikati yake ukapumzika. Kila mwaka mmoja wenu hunijia anang'aa, amepata njia ya ajabu, hakuona gari hata moja. Nami humuuliza, "Uliipita saa ngapi?" Kisha namtazama uso unavyoanguka.

Msimu wetu huanza theluji ikiyeyuka na kwisha majani yakidondoka, na sikuwahi kutulia upande wowote. Nikiwa kule niliwahesabu wadogo zangu: nani ameenda kazini, nani gari lake limegoma barabarani, nani amegombana na nani baada ya ibada. Nikiwa huku nilisikia harufu ya mashamba yale nikiwa nashusha theluji kwenye paa la gari. Duane alikuwa hivyo hivyo. Mkewe alikuwa amefariki, watoto hawakuwa nao, na wakati wa baridi alikaa karakanani akizungusha magurudumu na kuongelea mwezi wa nne, kama wengine wanavyoongelea mbingu.

Sasa nifike kwenye siku ya nne.

Ile njia yetu ya zamani, waliyoipanda wageni siku ya nne ya safari yao, iliharibika. Mji mdogo tuliokuwa tunaupita ulijengewa barabara ya mzunguko, magari yote yakamwagika kwetu. Vuli ile Duane alibaki kule peke yake kutafuta nyingine, akarudi Saint Paul akasema ameipata: bonde zuri, mto kando, kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Masika yaliyofuata tukaenda kuipita kabla ya wageni. Wageni walikuwa wanafika Jumapili. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, Duane mbele kama kawaida yake, mimi nyuma na chaki mfukoni ya kuchora mishale kwenye njia panda.

Hatujafika katikati ya bonde nikasikia lori nyuma yetu. Nikasogea pembeni. Duane hakusogea.

"Duane! Lori!"

Hakugeuka. Dereva akapiga honi, akakanyaga breki, akahamia upande wa pili na kumpita huku changarawe zikidondoka. Hapo ndipo Duane aliposhtuka. Usukani ukamyumba, akaushika, akamwinulia dereva mkono kama anayemsalimu jirani. Likaja la pili. Likaja la tatu. Mwisho wa bonde kulikuwa na machimbo, na malori yote ya changarawe yalishukia njia ile.

Tulipofika juu akasimama, akafuta miwani.

"Siyo mbaya, eh?" akasema. "Kimya."

Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa ananitania.

Mambo niliyokuwa nimeyaona miaka ile yote yakajipanga mbele yangu. Redio ya gari aliyoifungua mpaka madirisha yakatetemeka. Kupenda kuwa mbele, mahali ambapo hakuna anayekusemesha. Mgeni aliyemuuliza atakula kuku au samaki, akajibiwa "Ndiyo kabisa," na meza nzima ikacheka, tukasema huyo Duane ana utani mkavu. Watu wa huku wanaongea kidogo. Mtu wao akiwa kiziwi, nani atajua?

Usiku ule niligeuka kitandani mpaka shuka ikanivuka. Nikinyamaza, Jumatano ijayo watu ambao nusu yao wana wajukuu watashuka bonde lile wawili wawili wakipiga soga, mbele yao kiongozi asiyesikia. Nikisema, Duane hana barabara tena, na ukimtoa Duane barabarani unampeleka wapi? Namba ya Linda nilikuwa nayo. Niliishika simu, nikaiweka. Kumsema mtu mzima asipokuwepo sikulelewa hivyo. Kusema kweli sikuwa na wa kunilea. Ilinibidi nijilee hivyo mwenyewe.

Ijumaa nikaamua kumwambia usoni. Lakini kwetu mtu hapewi habari mbaya akiwa na tumbo tupu. Nikamwambia twende kwanza tukale, tukaingia mgahawa wa kijijini, ule wenye sahani ya siku kwa waashi na madereva. Tulifika mapema, kabla mama mwenye mgahawa hajamaliza kutandika meza. Duane akaletewa paja la bata na viazi, akala kwa raha. Mimi nilizungusha uma.

"Huli?"

"Nakula."

"Unakoroga tu."

Nikangoja mpaka kahawa. Nikainama, nikasema kwa upole, "Duane, masikio yako yamekwisha."

"Ndiyo kabisa," akasema.

Ikanibidi niseme kwa sauti. Na siri ikisemwa kwa sauti inakuwa ugomvi. Waashi wa meza ya pili wakageuka.

"Nani kasema?" Duane akauliza.

"Lori la jana."

"Nilimpungia mkono dereva."

"Alipokuwa ameshakupita."

Akakunja kitambaa chake cha mezani mara nne, vizuri, kona kwa kona. Nilidhani atanitukana. Angenitukana ningepona haraka zaidi.

"Twende bondeni," akasema. "Tusimame mimi na wewe, migongo barabarani. Anayesikia gari anainua mkono. Tutaona nani masikio yake yamekwisha."

Tukaenda. Tukasimama kwenye njia panda, mbele yetu uzio na ng'ombe wa rangi ya ngano, nyuma yetu lami. Tukasikiliza. Hakuna kitu. Upepo, nzi, ng'ombe anatafuna. Tukasimama mpaka miguu ikawasha, na hakuna hata baiskeli ya posta iliyopita.

"Haya?" Duane akasema. Uso wake ulikuwa umechangamka kama wa kijana. "Hata wewe husikii."

"Wanakula."

"Nani?"

"Ufaransa!"

Akafungua mdomo kunijibu, kisha akatazama saa yake. Kanuni ile alinifundisha mwenyewe. Akaufunga mdomo, akageukia tena ng'ombe, nasi tukangoja saa nane.

Nikasikia la kwanza likiwa bado mbali, linabadili gia kwenye kona ya daraja. Nikainua mkono. Duane akauona kwa pembe ya jicho. Hakuinua wake. Aliuinua pale upepo wa lori ulipompiga shingoni. La pili likawa vivyo hivyo. La tatu alifumba macho, ili mkono wangu usimsaidie. Nilimtazama amesimama pale, macho yamefumbwa, kidevu juu, anasikiliza kwa nguvu zake zote. Nilitamani lori lile ligeuke lirudi lilikotoka. Halikugeuka. Lilipita nyuma yetu na vumbi lake likatufunika, na mkono wa Duane ukabaki chini hadi mwisho.

Akafumbua macho. Akatembea mpaka kwenye gari letu, akalizunguka upande wa abiria, akakaa, akafunga mlango.

"Endesha wewe," akasema.

Jioni alimpigia Linda mwenyewe. Alisema yote kwa sentensi mbili, kisha akanipa simu. "Niambie anajibu nini."

Linda akasema, "Mwambie kwamba mkewe aliniambia kabla hajafa. Nilikuwa nangoja aseme mwenyewe."

Nikamfikishia Duane hivyo hivyo, kwa sauti, neno kwa neno. "Na wewe ulijua lini?" akaniuliza.

"Jana."

"Ukaningojesha mpaka nikala."

"Ndiyo."

"Siyo mbaya," akasema, na akaenda kulala.

Jumamosi nilimtafuta mama mmoja anayepeleka barua kwa gari la njano, maana watu wa posta wanajua kila njia inayokwenda nyumbani kwa mtu na kila njia inayokwenda machimboni. Akanipa barabara ya mgongoni mwa vilima, nyeupe kabisa, majani katikati. Niliipita asubuhi, nikaipita tena jioni, kwa sababu Duane alikaa garini na kunikatalia kuipita mara moja. Wageni wakaja, Jumatano wakaipanda. Bwana mmoja alilalamika kwamba ina vilima vingi mno. Alisema inavutia. Hiyo ndiyo siku ya nne mnayoitumia mpaka leo.

Duane alirudi Saint Paul, akavaa vile vifaa vya masikioni ambavyo alivichukia kama soksi zilizolowa. Hakwenda tena kupima njia. Mafundi hugonga spoku, ule waya wa gurudumu, na kusikiliza mlio wake wajue imekaza kiasi gani. Yeye akajifunza kufanya kwa ncha za vidole, akifumba macho, na magurudumu aliyoyanyoosha miaka ile ya mwisho ndiyo yaliyotulia kuliko yote niliyowahi kupanda. Kila nilipoondoka masika aliniuliza swali moja tu, nitaipita njia mpya saa ngapi. Alikaa karakanani mpaka magoti yalipomkataa.

Mimi nikabaki na barabara. Kuna mambo mengi ningeweza kuwaandikia: mgeni aliyevua breki za nyuma kwa sababu zilimkera kwa mlio wake, mvua iliyofuta mishale yangu yote ya chaki ikatawanya kundi zima kwenye vijiji vitatu, mkulima aliyetufungia mbwa wake wanne kisha akatukaribisha vinywaji mpaka nikaogopa kuwapandisha wageni baiskeli. Hayo mtayapata wenyewe, na kila mmoja atapata yake. Lakini kuna moja ambalo hamtalijua nisipolisema.

Ninyi nyote mmesimama nami pale njia panda ya bonde, mbele ya uzio wa wale ng'ombe. Kila masika, kabla ya wageni, nimempeleka mmoja wenu, migongo barabarani, anayesikia anainua mkono. Mlidhani ni somo. Wengine mlicheka. Wanjiru, wewe mwaka jana, msimu wako wa kwanza, uliniuliza, "Mzee Safari, hii ni training ama ni maombi?"

Ni kweli nilikuwa nawafundisha. Lakini zaidi nilikuwa najipima. Sikutaka mtu aje kunilisha bata kwanza. Kila mwaka mkono wangu ulipopanda kabla ya wa mwenzangu, nilijua nina msimu mwingine, nikalala vizuri usiku ule kuliko usiku wowote wa mwaka.

Mwaka jana nilikuwa natazama ng'ombe. Kwa pembe ya jicho nikaona mkono wako, Wanjiru, umepanda. Mimi sikuwa nimesikia kitu. Nikasema moyoni, mtoto huyu amekosea. Ukanitazama, ukaona mkono wangu uko chini, ukaushusha wako haraka, ukajifanya unakaza kilemba. Kisha gari likapita nyuma yetu. Tulirudi hotelini ukinisimulia habari za mama yako Maple Grove na zamu zake za hospitali, maneno mengi mno kwa njia fupi kama ile, na nikajua kwamba umejua.

Nilimpigia Linda kabla ya chakula cha jioni, tumbo langu likiwa tupu. Akaniuliza kama nina hakika.

"Wanjiru ana hakika," nikamwambia.

Nilimaliza msimu nikiendesha gari la mizigo, nyuma ya wageni, na mbele akaongoza mwenzangu mwenye masikio. Sasa niko hapa kwa Riziki, natoka nje, nazunguka mtaa, naangalia nyufa za lami kama zimeota majani, narudi ndani. Hamu hii itapita, au haitapita. Hilo ni langu.

Lako, Wanjiru, ni hili. Najua kwa nini uliushusha ule mkono. Umelelewa usimtangulie mkubwa, wala usimwaibishe. Nami nimelelewa hivyo hivyo, na aliyekulea alifanya vizuri. Mwezi huu utasimama pale njia panda na mtu mwingine, labda ana miaka mingi kuliko mimi, labda ni Linda mwenyewe. Utasikia gari, naye hatasikia. Inua mkono wako, mwanangu, na uuache juu mpaka gari lipite.